Patton, Waterloo, Lawrence au Khartoum: picha ipi ya majenerali ina fiksi kidogo?

Mtu akiomba apewe picha za vita za zamani zinazohusu majenerali, majibu huwa yale yale tu, Patton, Lawrence of Arabia, Waterloo, na akitokea mtu mzima kidogo atakutajia Khartoum. Shida ni kwamba wanaopendekeza hawasemi ipi ina historia ya kweli na ipi ni steringi tu kavalishwa gwanda. Sasa hapa naziweka zote nne ubavu kwa ubavu, na mwishoni nitagusa kidogo ya Rommel, jenerali wa Hitler, maana najua kuna mtu ataiulizia.

Kwa wenye haraka: unataka kumjua jenerali kama mtu, nenda na Patton. Unataka kuona vita yenyewe ilivyokuwa kwa macho, Waterloo. Lawrence ndo picha kali kuliko zote nne ila kwa historia ina fiksi mpaka basi, na Khartoum imejengwa juu ya tukio ambalo halijawahi kutokea. Sababu zinafuata na ni ndefu, mwenye bando la kuungaunga anaweza kuishia hapa.

Kipimo changu mimi sio vifungo vya koti, wapo watu wa hiyo kazi na wanaijua vizuri. Mimi naangalia nani kafutwa. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyepigana peke yake, kwa hiyo picha ikishaamua huyu ndo steringi lazima kuna mtu mwingine atasogezwa pembeni ili steringi apate nafasi ya kung'ara, na ukimjua aliyesogezwa basi fiksi ya hiyo picha umeshaijua inakaa wapi.

SURA NA SAUTI

George C. Scott kwenye Patton (1970), anayeigiza jenerali wa Kimarekani wa Vita ya Pili ya Dunia, ana sauti nzito ya kukwaruza, na tangu hapo dunia nzima inaamini Patton aliongea vile. Rekodi za Patton mwenyewe zipo mtandaoni, zitafute, jamaa alikuwa na sauti nyembamba ya juu, ukiisikia mara ya kwanza unahisi wameweka faili la mtu mwingine. Alafu lile tukio la mwanzo kabisa, kasimama mbele ya bendera inayojaza skrini nzima, helmeti ina nyota nne. Hotuba ni ya kweli, aliwapa askari wa Jeshi la Tatu kule Uingereza mwaka 1944 kabla hawajavuka kwenda Ufaransa, ila wakati ule alikuwa na nyota tatu, ya nne aliipata Aprili 1945 vita ya Ulaya ikiwa imebakiza wiki chache tu. Na maneno yamechujwa. Ndio, hayo matusi unayoyasikia pale ndo yaliyochujwa, original ilikuwa chafu zaidi.

Lawrence ya 1962 imempa kazi Peter O'Toole, mtu wa karibu mita 1.88, wakati Lawrence mwenyewe, ofisa wa Uingereza kwenye uasi wa Waarabu dhidi ya Waturuki, alikuwa na kama mita 1.65. Unaweza kusema ni kitu kidogo, mimi naona sio kidogo. Mwingereza mfupi anayezunguka na mashekhe huku akibembeleza, akigawa pauni za dhahabu na kupeleka taarifa Cairo ni habari tofauti kabisa na bwana mrefu wa macho ya bluu anayetembea juu ya behewa la treni kavaa kanzu nyeupe na watu wanamshangilia.

Waterloo (1970) hapa iko vizuri. Rod Steiger alikuwa karibu umri ule ule wa Napoleon siku ya vita, miaka 45, na kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba Napoleon na Wellington, jenerali wa Uingereza aliyempiga pale, walizaliwa mwaka mmoja, 1769, kwa hiyo ile ni vita ya marika. Steiger anapiga kelele sana, hilo nakubali, kuna sehemu unatamani mtu ampe maji. Christopher Plummer kama Wellington ndo kamaliza kazi, yule mtu mkavu, mwenye dharau za kistaarabu, asiyetikisika mizinga ikipita kichwani.

Khartoum (1966) hapa inaanguka vibaya. Laurence Olivier kapakwa rangi ili awe Mahdi wa Sudan, kiongozi wa dini aliyeuzingira mji wa Khartoum, leo hii isingepita hata wiki moja. Achana hata na rangi, Muhammad Ahmad, ndo Mahdi mwenyewe, alizaliwa 1844, wakati wa kuuzingira mji alikuwa na miaka 40 tu, kijana bado, mwenye mvuto wa kutisha kwa wafuasi wake. Olivier alikuwa anakaribia 60. Wametuchezeshea mzee.

VIFAA NA UWANJA

Patton ilipigwa sehemu kubwa Hispania na wakakodi vifaru vya jeshi la Hispania, M47 na M48, vya miaka ya 1950. Wamarekani wanaendesha hivyo, Wajerumani wanaendesha hivyo hivyo kapakwa msalaba mweusi. Sasa utamu uko hapa: vifaru vya aina hiyo, M47 na M48, Wamarekani walivipa jina la Patton mwenyewe. Kwa hiyo kwenye lile pambano la El Guettar, Machi 1943, Patton anaangalia kwa darubini vifaru vya Wajerumani vinamjia na vyote vina jina lake. Mtu wa vifaa atapata presha. Mimi nilicheka tu.

Waterloo hapa haina mpinzani na sidhani kama itapata tena. Mwongozaji Sergei Bondarchuk alipewa na jeshi la Kisovieti askari kama 15,000 wa miguu pamoja na farasi wapatao 2,000 na wapandaji wao, wakaenda kupiga picha karibu na Uzhhorod huko Ukraine. Walisawazisha vilima, wakapanda miti na mazao ya shambani, wakalaza mabomba chini ya ardhi ili wapate matope, maana usiku wa kuamkia tarehe 18 Juni 1815 mvua ilinyesha sana na ndo ilimfanya Napoleon achelewe kuanza. Hakuna kompyuta pale, kila unayemuona ni binadamu kasimama. Kuna shoti imepigwa kutoka juu kwenye helikopta, wapanda farasi wa Ney, jenerali wa Napoleon, wanazizunguka zile miraba za askari wa Kiingereza (wamejipanga pande nne, singe zikitazama nje), wanaingia katikati ya mraba na mraba wanapigwa risasi pande zote, farasi wanagoma kuvamia ukuta wa singe, na kwa mara ya kwanza unaelewa kwa nini farasi elfu kadhaa hawakuweza kuvunja watu waliosimama kwa miguu. Unaweza kusoma kurasa ishirini kuhusu mraba na usielewe kama unavyoelewa kwenye ile dakika moja.

Lawrence jangwa ni la kweli, Jordan, na inaonekana. Ila ule mji wa Aqaba unaovamiwa kwa ngamia ulijengwa ufukweni Hispania, upande wa Almería. Khartoum walienda Misri, mto wanaouonyesha ni Nile kweli, basi hapo hamna neno.

MATUKIO: NANI KATIA CHUMVI WAPI

Patton ndo nina mengi ya kusema kwa sababu ndo inayokaribia ukweli, na kitu kinachokaribia ukweli ndo kinadanganya vizuri.

Lile la kofi. Kwenye picha Patton anaingia hospitali ya jeshi Sicily, anamkuta askari analia hana jeraha, anamchapa, anataka mpaka kumtolea bastola. Ilitokea kweli, Agosti 1943, ila ilitokea mara mbili, tarehe 3 na tarehe 10, hospitali tofauti, askari tofauti. Picha imeunganisha kuwa moja. Ukifikiria vizuri hiyo inabadilisha kesi nzima, maana mtu akichapa askari mara moja utasema hasira zilimpanda, akirudia baada ya wiki moja hiyo sio hasira tena, hiyo ni tabia. Na askari wa kwanza alikuja kupimwa akakutwa na malaria! Hilo picha haisemi, na sisi tunaoijua malaria tunaelewa yule kijana alikuwa kwenye hali gani.

Kuna bifu lake na Montgomery, jenerali wa Uingereza, mbio za kwenda Messina. Picha inaonyesha Patton anafanya kila hila amwahi Mwingereza, alafu Montgomery anaingia mjini na wapiga zumari wake kumbe mwenzake keshafika anamsubiri. Kufika kwanza alifika kweli, tarehe 17 Agosti 1943. Lakini tarehe 25 Julai Montgomery mwenyewe alikutana na Patton akamwambia achukue yeye Messina, kwa kuwa Waingereza walikwama upande wao wa mashariki. Mbio zilikuwepo sana kichwani mwa Patton, kwa Montgomery sio kihivyo.

Na ile dua ya hali ya hewa, wengi wanadhani ni ya kutunga, hapana, ni kweli kabisa, alimwambia padri wa jeshi amtungie sala mvua ikatike ili apigane. Tofauti ni kwamba picha inaiweka katikati ya vita ya Ardennes, msituni Ubelgiji, wakati aliiomba tarehe 8 Desemba 1944, Wajerumani walishambulia tarehe 16. Nakala laki mbili na nusu zilichapwa kwenye kadi wakagawiwa askari pamoja na salamu za Krismasi.

Ukiangalia hayo yote utaona Patton inabana muda, inaunganisha vitu, inapanga upya, ila mtu anayebaki mwishoni ni Patton yule yule, mwenye majivuno, anayejua historia kuliko wenzake, anayeamini alishawahi kuishi zamani na kupigana vita za kale (aliamini kweli), na asiyeweza kufunga mdomo.

Lawrence ni kinyume. Matukio mengi yapo kwenye kitabu chake mwenyewe ila yamepinduliwa. Ule uvamizi wa Aqaba ambao kila mtu anaukumbuka, ngamia mia kadhaa wanashuka bondeni mpaka baharini, haukutokea vile. Mapigano yenyewe yalikuwa tarehe 2 Julai 1917, bara huko, sehemu inaitwa Abu al-Lissan, na Lawrence katikati ya kuchaji alimpiga risasi ngamia wake mwenyewe kichwani kwa bahati mbaya akarushwa chini, vita ikaisha yeye yuko mchangani. Kaandika mwenyewe. Aqaba waliingia tarehe 6 Julai karibu bila kupigana, kikosi cha Waturuki kilishasalimu amri. Nani anaweka hiyo kwenye picha ya mamilioni ya dola? Ila hebu niambie ipi inakufanya umuelewe zaidi Lawrence, ile ya steringi au ile ya jamaa aliyeua ngamia wake.

Gasim pia. Kwenye picha Lawrence anarudi jangwani peke yake kumuokoa huyu mwenzao aliyeachwa nyuma, baadaye analazimika kumuua huyo huyo kwa mkono wake, kisa kizito kinakaa moyoni. Kumuokoa ni kweli. Aliyeuawa alikuwa mtu mwingine kabisa, tukio lingine, na lilitokea kabla. Watunzi wamewaunganisha ili kisa kifunge. Sherif Ali anayeigizwa na Omar Sharif ndo hakuwepo vile, kachanganywa kutoka watu kadhaa. Na wale vijana wawili watumishi wa Lawrence, Daud na Farraj: kwenye picha Daud anamezwa na mchanga, kwenye maisha alikufa kwa baridi. Baridi! Watu wanasahau jangwa la milimani wakati wa majira ya baridi linaua.

Kwa Khartoum nitakuwa mfupi. Gordon, jenerali Mwingereza aliyekuwa anaulinda mji, na Mahdi wanakutana uso kwa uso, wanazungumza kwenye hema, wanaheshimiana, na picha nzima inasimama hapo. Hawakuwahi kukutana. Waliandikiana barua. Mahdi alimtumia Gordon vazi la wafuasi wake, jibba lenye viraka, amwite kwenye Uislamu, Gordon akakataa. Sasa mtu una kitu kama hicho mkononi, unaachaje unaenda kutunga mazungumzo ya hemani? Mwisho wa mji uko sawa kwa tarehe, uliangushwa 26 Januari 1885 na meli za msaada zikatokea tarehe 28, siku ambayo Gordon angetimiza miaka 52. Kifo chake pale kwenye ngazi, kasimama ametulia anasubiri mkuki, kimefuata mchoro mmoja maarufu wa Kiingereza, ushahidi mwingine unasema alikufa anapigana.

Waterloo chumvi yake ni ndogo ndogo. Lord Hay kijana anayekufa katikati ya pambano, ukweli alishauawa siku mbili kabla, Quatre Bras, tarehe 16. Duke wa Gordon anayeonekana pale hakuwepo kabisa. Ila Picton, jenerali wa Wellington, kupigana na kofia ndefu ya kiraia ni kweli, mizigo yake ilikuwa haijafika, na alikufa hivyo hivyo.

WALIOFUTWA

Nimesema kipimo changu ni hiki, basi tukimalize.

Waterloo imewafuta Waprusi. Sio kabisa, wanatokea mwishoni kutoka msituni wanaokoa jahazi, ila ukitazama utadhani walipita kwa bahati. Blücher, mkuu wao, alipigwa na Napoleon kule Ligny tarehe 16, badala ya kukimbilia kwao akarudi nyuma kuelekea Wavre ili abaki karibu na Wellington, alafu akatembeza watu kwenye yale matope siku nzima, na kuanzia kama saa kumi na nusu jioni watu wake walikuwa wanaigombania Plancenoit, nyuma ya ubavu wa Napoleon, mpaka akalazimika kupeleka walinzi wake vijana kule. Yaani zile saa za mwisho ambazo picha inatuonyesha Wellington akivumilia, Napoleon alikuwa anapigana vita mbili. Na jeshi lenyewe la Wellington, watu kama 68,000, chini ya nusu walikuwa Waingereza, waliobaki ni Waholanzi, Wabelgiji na Wajerumani wa kila aina. Kwenye picha kila mtu anaongea Kiingereza cha Dublin au Skoti. Hilo ndo doa kubwa, na kwa mtu anayetaka kujua kwa nini Napoleon alishindwa ni doa kubwa kweli.

Patton kamfuta Eisenhower, bosi wa wote wawili, Patton na jenerali mwenzake Bradley, anatajwa tajwa tu haonekani. Na hapa kuna kitu cha kuangalia kwa makini: mshauri wa kijeshi wa picha ile alikuwa Omar Bradley mwenyewe, na kumbukumbu zake zilitumika kuandika hadithi, wakati familia ya Patton haikushirikiana nao. Ndo maana Bradley pale ni mtu mpole, mwenye busara, rafiki anayemshauri mwenzake. Patton kwenye shajara zake hakumsema Bradley kwa upole huo. Sisemi Bradley kadanganya, nasema aliyekaa karibu na kamera siku zote anatoka vizuri.

Lawrence imewafuta Waarabu ndani ya uasi wao wenyewe, hiyo ndo ya kushangaza zaidi maana wamejaa kwenye kila shoti. Auda abu Tayi, ambaye bila watu wake wa kabila la Howeitat hakuna Aqaba, kageuzwa mtu wa tamaa anayefuata dhahabu mpaka familia yake ikaenda mahakamani. Damascus inaonyeshwa Waarabu wanaingia kwanza, wakati wapanda farasi wa Australia walishapita mjini asubuhi ya 1 Oktoba 1918. Na Lawrence wa kwenye picha anashtuka kusikia Uingereza na Ufaransa wamegawana nchi kwa siri, wakati kwenye kitabu chake anakiri alijua mapema kwamba ahadi walizopewa Waarabu zingekuja kuwa karatasi tu. Hapo ndo fiksi kubwa kuliko ngamia wote, kwa sababu mtu aliyejua na aliyedanganywa ni watu wawili tofauti.

Khartoum imetufuta hata sisi kidogo. Gordon kabla ya yote haya alikuwa gavana wa Equatoria, 1874 mpaka 1876, kule kaskazini ya Uganda ya leo, na ni yeye aliyempa Khedive, mtawala wa Misri, wazo la kufungua njia kutokea pwani yetu. Mwaka 1875 Wamisri wakatuma meli wakazikalia Barawa na Kismayu, zilikuwa za Sultani Barghash wa Zanzibar, akalalamika, Waingereza wakawabana Wamisri wakaondoka. Gordon wa kwenye picha ni mtakatifu aliyetumwa kuokoa watu. Huyu mwingine wa ramani na mipango haonekani hata dakika moja.

SASA CHAGUA

Kama una mwanafunzi wa historia nyumbani, Waterloo, saa mbili na kidogo tu, ila kabla hamjaanza mchoree kwenye karatasi Plancenoit iko wapi na Waprusi wanatokea upande gani. Picha ilianguka sokoni ilipotoka, watu walikosa uhondo.

Kama wewe ni mtu wa kupenda tabia za watu, uongozi, siasa za maofisini na majungu ya mabosi, Patton, karibu saa tatu na hazichoshi. Nixon aliirudia rudia mwaka 1970 kipindi anaamua kuingia Cambodia, kwa hiyo usije ukachukua ushauri wa maisha pale.

Ya Rommel, The Desert Fox ya 1951, ni saa moja na nusu, ichukue kama una muda mfupi na usiiamini sana, inamsafisha mno, na ule uvamizi wa makomando mwanzoni ni wa kweli Novemba 1941 ila Rommel hakuwepo hata Afrika, alikuwa Roma.

Khartoum iache mpaka umalize hizo nyingine, na uangalie kwa jicho la kujua Waingereza wa 1966 walipenda kujikumbuka vipi.

Na Lawrence, zaidi ya saa tatu na nusu, iangalie tu hata kama historia yake mbovu, mimi mwenyewe naipenda kuliko zote, ila tafadhali sio kwenye simu. Kuna shoti Omar Sharif anatokea mbali kabisa kwenye mazigazi, nukta inayokua polepole mpaka inakuwa mtu juu ya ngamia, kwenye kioo cha simu utadhani ni uchafu utafute kitambaa ufute.